Bila Injini Hadi Itziar

Kamati ya sikukuu ya Mtakatifu Petro ilipotangaza kwamba Egoitz ndiye atakayemwimbia marehemu babu yangu ubeti wa kumuaga, nilikuwa nimeshika glasi ya mvinyo wa tufaha. Niliiweka mezani taratibu, kwa sababu ninajijua. Ingebaki mkononi, ingeruka.

"Kwa nini yeye?" niliuliza.

Anjel Mari, mwenye kilabu na mwenyekiti wa kamati, alikuwa akikata jibini. Hakuinua macho. "Egoitz amesomea, Xuban. Shule ya ushairi miaka tisa. Bingwa wa vijana wa mkoa. Na nyimbo za mzee anazo, daftari zima."

"Yeye ana daftari. Mimi nina damu."

"Damu haina vina," Egoitz alisema kutoka meza ya pembeni, na kilabu kizima kikacheka.

Tulikuwa rika moja, mimi naye. Majira matatu ya baridi alikuwa akipanda hadi kwetu Iturrondo, juu ya mji wa Orio, akikaa jikoni na babu, akiandika kila neno lililomtoka mzee. Babu alimpenda, na hilo sikumsamehe yeyote kati yao. Mimi saa hizo nilikuwa zizini. Darasa la ushairi la mjini lilikuwa saa kumi na moja jioni, na saa kumi na moja jioni ng'ombe wanataka kukamuliwa. Hawajali nani ni bingwa wa mkoa. Nilichojua nilijifundisha mwenyewe huko huko. Mashine ya kukamulia huvuta na kuachia, huvuta na kuachia, na mtu akiwa na masikio atasikia mizani nane kwa nane. Nilitunga beti elfu kadhaa kwa mdundo huo. Hakuna aliyeziandika.

"Umewahi kupanda jukwaani hata mara moja?" Egoitz aliuliza.

"Ng'ombe wangu hawajawahi kulalamika."

"Ng'ombe hawahesabu mizani, ndugu yangu."

"Na wewe unahesabu tu. Kama karani wa forodha."

Alivua miwani yake akaifuta, dalili kwamba maneno yamempata. Kisha akasema jambo ambalo nadhani hakulipanga. "Unadai urithi wa mzee Balentin. Sawa. Baiskeli yake ya kupelekea barua iko zizini kwenu, kuku wanailalia. Mzee aliiendesha kila mwaka, siku moja kabla ya Mtakatifu Petro, kutoka daraja la Irun hadi mlango wa kanisa la Itziar, mguu wake mmoja ukiwa mfupi vile. Wewe una miguu miwili mizima. Hata Zarautz hapo jirani hufiki."

Mtu mmoja alilaza uma juu ya sahani bila kuupigisha kelele.

Kwetu neno kama hilo likishasemwa mbele ya watu halirudi kuwa mzaha. Ni dau limefunguliwa, na aliyeambiwa ana njia mbili: kulipokea au kwenda kunywa katika kilabu kingine maisha yake yote.

"Nikifika?" nikasema.

"Ukifika, utaimba wewe. Nitakaa chini kama watu wengine."

"Nisipofika?"

"Utakaa chini wewe. Na si mwaka huu tu. Hutapanda jukwaa la mji huu."

Anjel Mari aliacha kisu, akachukua kalenda ukutani, akaandika masharti nyuma ya mwezi wa Mei. Njia ni ile ya mahujaji wa pwani, si barabara ya magari, na kijitabu cha hija kigongwe muhuri kila mji. Baiskeli ni ya marehemu. Kuanzia kengele ya saa mbili asubuhi hadi kengele ya saa mbili jioni. Mtu ajisogeze bila injini yoyote. Hilo nililidai mimi mwenyewe, kwa majivuno, ili asitokee wa kusema nilipanda treni. Na shahidi wa upande wa pili, yaani Egoitz, anifuate nyuma mwanzo hadi mwisho. Hapa kila mtu anajua kanuni: shahidi asipouona mlango ukiguswa, hakuna dau. Linakufa, na mambo yanabaki yalivyokuwa. Yalivyokuwa maana yake Egoitz anaimba.

"Na mshika chupa wako nani?" Anjel Mari aliuliza. Hakuna anayeshindana kwetu bila mshika chupa, mtu wa kumpa maji, kumtukana akilegea, na kuvua kofia akiona mtu wake atakufa. Kofia ikivuliwa, shindano limekwisha.

"Shangazi Bixenta."

Watu walicheka tena, lakini kicheko cha heshima. Shangazi Bixenta anauza samaki kwa gari dogo katika vijiji vyote vya mlimani. Tangu utoto wangu sijawahi kumwona amevua kofia.

*

Tarehe ishirini na nane Juni, saa mbili asubuhi, kengele ya Irun ilipolia nilikuwa katikati ya daraja, gurudumu la mbele juu ya mpaka wa Ufaransa. Baiskeli ya babu ina uzito wa ndama wa wiki moja. Haina gia. Breki ya nyuma husikia ikiombwa mara mbili. Pedali ya kushoto babu aliiongezea kipande cha mti wa mwaloni, kimo cha vidole viwili, ili mguu wake mfupi ufike. Shangazi aliniambia nikitoe.

"Hakitoki," nilimwambia.

"Kimepigiwa misumari?"

"Hapana. Hakitoki tu."

Alinitazama. "Haya. Goti ni lako."

Egoitz alikuja na baiskeli ya umeme. Nyeusi, mpya, matairi manene, betri kama tofali chini ya fremu. Shahidi hakatazwi injini.

"Hiyo inapika na kahawa?" nilimuuliza.

"Inafika Bilbao. Imeandikwa."

"Kila kitu chako kimeandikwa."

Tukaondoka. Mlima wa Jaizkibel unaanza kabla miguu haijaamka. Mahujaji walikuwa wengi, makombe ya chaza, alama ya hija, yakining'inia mikobani mwao, nao walisogea pembeni kuona chuma kile kikipita kikilia. Penye mawe ya kale niliibeba begani. Egoitz alinifuata hatua ishirini nyuma, injini yake ikinong'ona, jasho hana. Nilitunga.

Mtunzi wa papo kwa papo huanza na mwisho. Hilo hata sisi tusiosoma tunalijua: kwanza mshororo wa mwisho, ule utakaopiga, kisha unarudi nyuma kuujengea ngazi. Mimi mshororo wangu wa mwisho nilikuwa nao kabla sijafika kileleni. Niliutia mfukoni, kama mtu anavyotia jiwe, nikateremka kwenda Pasaia.

Na Pasaia ndipo nilipoona ujinga wangu.

Njia ya mahujaji inafika pale kwenye ngazi za maji, na ng'ambo inaendelea. Katikati kuna mdomo wa bandari, maji membamba, meli zinapita humo kama uzi kwenye tundu la sindano. Unavuka kwa mashua ya kijani kwa dakika tatu. Nimeivuka mara mia. Sikuwahi kuisikiliza. Sasa niliisikia vizuri sana: pu-pu-pu-pu.

Egoitz alisimama kando yangu, akasikiliza pia. Uso wake ukafunguka polepole.

"Bila injini yoyote," alisema. "Maneno yako."

"Ninayakumbuka maneno yangu."

"Unaweza kuzunguka bandari. Lakini huko ni barabara ya magari, na sharti ni njia ya mahujaji." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anayesahihisha insha. Kisha akapakia baiskeli yake ndani ya mashua ya kijani, akavuka, akakaa ng'ambo kwenye ukuta, miguu ikining'inia, ananitazama.

Chini ya ngazi wanawake wanne walikuwa wakipangusa mashua ndefu ya makasia, nyembamba kama ganda la njegere. Wa tano, mshika usukani wao, alikuwa amesimama kiuno amekishika. Baadaye nilijua anaitwa Garazi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikika ng'ambo ya mawimbi.

"Wee bwana, chuma hicho unakiuza au unakizika?"

"Ninakivusha. Bila injini. Nina dau."

"Dau la nini?"

Nilimweleza kwa maneno machache. Wale wanne waliacha kupangusa.

"Kwa hiyo ulisema bila injini ukasahau mashua," Garazi alisema.

"Nilisahau."

"Mwanamume wa Orio, mji wa makasia, akasahau maji." Aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Na anataka sisi wa Pasaia tumwokoe."

"Mwache azunguke," mmoja akasema. "Mwaka jana kwenye mbio za makasia walitushinda kwa urefu wa pua."

"Wanaume wao walishindwa," mwingine akasema. "Tulioshindwa na wanawake wao ni sisi. Huyu hana hatia."

Garazi alinipima toka kofia hadi viatu. "Bibi zetu walivusha watu hapa kwa makasia kabla injini haijazaliwa. Walivusha mpaka mfalme. Wewe ni mfalme wa nini?"

"Wa zizi."

"Basi utalipa nauli ya zizi. Ubeti mmoja, katikati ya maji, uwahusu wapiga makasia hawa. Ukiwa mbaya tunakutosa na chuma chako."

Nikalala chali kati ya miguu ya wanawake wanne, baiskeli juu ya kifua changu kama mke mwenye hasira, na katikati ya mdomo wa bandari niliimba. Ubeti wenyewe siurudii hapa, kwa sababu shangazi akiusikia ataivua ile kofia. Nitasema tu kwamba kasia la pili lilikosa maji kwa kicheko, na sikutoswa.

Egoitz alitusubiri kwenye ngazi. "Hao ni watu wanne. Sharti lilisema ujisogeze."

"Lilisema bila injini," nilimjibu. "Wewe ndiye uliyesoma. Soma."

Alifungua kinywa. Garazi akamtangulia, akainua mashua upande mmoja ili aone sakafu yake. "Bwana mwalimu, tafuta injini humu. Ukiiona, ni yako."

Egoitz alitazama ndani kweli. Kisha akavaa helmeti.

*

Sitasimulia kila kilima. Kutoka Pasaia kuna ngazi nyingi kuliko kanisa lolote. Donostia niligongewa muhuri nikiwa nimeegemea mlango, mlima wa Igeldo ulinitapisha kifungua kinywa. Kushuka kwenda Orio breki ya nyuma ilikataa, nikatumia kiatu, kisha ua wa mtu, kisha goti. Shangazi alikuwa amesimamisha gari la samaki darajani, sahani ya tuna na viazi mkononi.

"Kaa ule."

"Nikikaa sitasimama."

Alinilisha nimesimama, kwa kijiko, mbele ya mji mzima. Alilitazama goti langu, likivuja damu mpaka kwenye soksi. Mkono wake ukaenda kwenye kofia, ukajikuna kichwa, ukarudi.

"Nilikuwa najikuna," alisema.

"Nimeona."

"Babu yako hapa darajani alikuwa akilia, unajua? Kila mwaka. Halafu anapanda tena. Haya, ondoka, unanuka."

Egoitz alikuwa ndani ya kilabu cha Anjel Mari akila kwa kitambaa cha mezani. Anjel Mari alimwambia achomeke betri wakati anakula. Nilisikia jibu lake nikiwa nje: "Haina haja. Imeandikwa kilomita mia na arobaini." Nadhani walioyaandika hayo hawajawahi kupanda Jaizkibel na Igeldo kwa nguvu zote kwa sababu mbele yao kuna mkamua ng'ombe asiyepaswa kuwaacha.

Zarautz. Getaria, harufu ya dagaa wa chumvi na mashamba ya mizabibu juu ya bahari. Zumaia nilifika saa kumi na mbili na robo. Shangazi alinimwagia maji kichwani badala ya kinywani, akasema atanisubiri mlangoni Itziar, kwa sababu kutoka pale mbele njia ni ya mifugo na mahujaji, gari halipiti. Simu alikuwa ameiacha nyumbani. Huwa anaiacha, anasema samaki hawapigi simu.

Zilibaki kilomita nane, na kilima.

Ilikuwa saa moja kasoro, tumekipita kijiji cha Elorriaga, bahari mkono wa kulia, kondoo mkono wa kushoto, niliposikia ukimya. Siku nzima nilikuwa nimeusikia mnong'ono ule nyuma yangu mpaka sikio limeuzoea. Sasa haukuwepo. Niligeuka.

Egoitz alikuwa ameshuka. Alibonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Akainama, akaigonga betri kwa kifundo cha kidole, kwa adabu, kama anayebisha mlango wa ofisi.

"Inafika Bilbao," nilisema.

Alijaribu kuendesha bila umeme. Baiskeli ile bila umeme ni kabati la nguo lenye magurudumu. Alikwenda hatua kumi, akashuka tena, akaketi juu ya jiwe la mpaka.

"Simama," nilimwambia. "Saa inakwenda."

"Nenda tu."

"Niende wapi bila shahidi? Usipoona mlango, hakuna dau."

"Najua." Alivua miwani. "Sikulipanga hili, Xuban. Lakini limetokea. Dau limekufa. Tutaonana kesho uwanjani."

"Kesho ukiimba wewe."

"Kamati ndiyo iliyonichagua. Sikujichagua."

Nilitoa tyubu ya akiba chini ya tandiko. "Nitakufunga nyuma yangu, nikuvute."

"Sivutwi kama ndama."

"Acha baiskeli, tembea."

"Nimechoka," alisema, na mara ya kwanza siku hiyo nilimwona kweli: midomo myeupe, chumvi ya jasho imemkaukia usoni. Hakuwa anajifanya. Alikuwa mtu wa kiti aliyefuatana na mtu wa zizi kwa muda wa saa kumi na moja, na chuma chenye umeme kilikuwa kimemficha uchovu wake hadi dakika ile. "Nimechoka, na sina sharti la kukusaidia unishinde. Soma kalenda. Halipo."

Na kweli halikuwepo.

Ningeweza kumpiga. Nilifikiri juu ya hilo kwa muda, sitadanganya. Lakini mtu aliyepigwa haoni mlango. Nilitazama kilima. Nilimtazama yeye, bingwa wa vijana wa mkoa, miaka tisa ya shule. Ndipo nikakumbuka kitu kimoja ambacho hakuna shule inayoweza kukitoa ndani ya mtu wa kwetu.

Nilianza kusukuma baiskeli kupanda, mgongo nimempa, na nikaimba. Kwa sauti yote, kwa lahani ya zamani aliyoipenda babu:

*Umeketi kama jiwe, na kilima ni kimoja,*
*Waya umezima nawe, mmekufa kwa pamoja,*
*Nitapanda bila wewe, ila jibu nalingoja,*
*Njoo ujibu mwenyewe, kalamu haitakuja.*

Sikugeuka. Sikupunguza mwendo. Nilihesabu hatua: moja, mbili, mpaka kumi na tano. Kondoo walitafuna. Ukitupiwa ubeti kwetu, unaujibu, kwa lahani ile ile, kabla haujapoa. Anayeukalia ubeti huongelewa mpaka wajukuu zake wanaposwa. Na ili anijibu nikamsikia, ilimbidi asiwe mbali.

Hatua ya ishirini na mbili nilisikia kabati la nguo likiangukia ua wa shamba la mtu, na viatu vikikimbia juu ya mawe.

*Nimesikia mayowe, nikadhani ni kioja,*
*Kumbe ni kinda la mwewe lililo na bawa moja,*
*Babuyo hakuwa wewe, hakusukuma kwa hoja,*
*Panda kwa guu lenyewe, kisha niite, nakuja.*

Aliutunga kwa vina vyangu mwenyewe. Kwa hatua ishirini na mbili, akiwa hana pumzi, alichukua vina vyangu akanirudishia usoni. Nilimchukia kwa moyo wote, na nywele za shingo zilinisimama.

Na alisema kweli: nilikuwa nasukuma. Babu hakusukuma Itziar. Nikapanda kwenye tandiko. Goti la kushoto, juu ya kile kipande cha mwaloni, lilinung'unika kama mlango wa ghala. Nikaweka uzito wote juu yake.

"Nimepanda," nilisema bila kugeuka. "Ulisema unakuja."

"Imba," akasema nyuma yangu, akihema. "Au umeishiwa?"

Tulipanda hivyo. Mimi nikiendesha mwendo wa konokono, yeye akitembea, mara akikimbia, na beti zikipita kati yetu kama kamba. Nilimwimbia miwani yake. Aliniimbia harufu yangu. Nilimwimbia daftari, kwamba amemkausha babu kama jani kati ya kurasa. Mpaka kona nilidhani nimemkata. Kisha akaimba kwamba mjukuu alikuwa zizini majira matatu ya baridi, hatua thelathini kutoka jikoni, na hakuwahi kuja kuketi hata jioni moja.

Niliendesha. Upepo wa bahari ulitupiga ubavuni.

"Ng'ombe," nilisema mwishowe, kwa maneno matupu.

"Ng'ombe walikuwa wakimaliza saa moja. Mimi nilikuwa nikiondoka saa tatu."

"Ulikuwa umekalia kiti changu."

"Kulikuwa na viti sita, Xuban."

Sikuwa na kina cha hilo, na hadi leo sina. Lakini pedali haikusubiri nikipate. Nilimtupia ubeti mwingine, mbaya, wa kutoka tu, naye akauchana vipande vipande, na tukaendelea. Hakuna mmoja wetu aliyekuwa radhi kuwa wa mwisho kunyamaza. Mahujaji wawili wazee waliokuwa wakishuka walisimama, wakavua kofia zao, wakidhani ni ibada ya kwetu.

Mnara wa Itziar ulitokea juu ya paa, na kengele ikaanza mapigo yake manane ya saa mbili.

Nilisimama juu ya pedali. Moja. Mbili. Mnyororo ulilia. Tatu, na uwanja wa kanisa ukafunguka, shangazi akiwa katikati yake na kofia kichwani. Nne. Alinyoosha tu kidole kuelekea mlango, kama nisingeujua. Tano, gurudumu la mbele liligonga ngazi, nikaruka juu ya usukani. Sita, kiganja changu kilikuwa juu ya mbao za mlango, na baiskeli ya babu ilikuwa chini ikizungusha gurudumu lake peke yake.

Saba. Nane.

Niligeuka. Egoitz alikuwa kwenye pembe ya ukuta wa makaburi, hatua sitini nyuma, ameinama, mikono magotini. Ukuta ule ni mrefu. Kutoka pale mtu anaweza kuuona mlango, na anaweza asiuone. Ni yeye tu aliyejua.

Shangazi alimwendea. Hakumsalimu. "Kijana, umeona?"

Egoitz alitema mate. Alivaa miwani. Alichukua muda wake, na mimi nikiwa nimeegemea mlango nilihisi siku nzima, Jaizkibel na Igeldo na maji ya Pasaia, ikikaa juu ya ulimi wa mtu mmoja ambaye nilikuwa nimemtukana kwa muda wa saa nzima bila kukoma.

"Nimeona," alisema. "Mkono wa kulia. Kengele ya sita."

"Basi njoo unywe maji," shangazi akasema, akampa chupa yangu.

*

Siku ya Mtakatifu Petro uwanja wa Orio ulijaa mpaka darajani. Nilipanda jukwaani kwa mguu mmoja, ule mwingine ulikuwa umevimba kama mkate. Anjel Mari alitaja jina la babu, mwaka aliozaliwa na mwaka aliokufa, akanipisha. Wanaume walivua kofia zao bapa. Egoitz alikuwa mstari wa mbele, kofia mkononi, na mkono wa pili, naapa kwa Mungu, ulishika daftari na kalamu.

Nilikuwa na ule mshororo wa mwisho tangu Jaizkibel. Asubuhi hiyo mtu wa kamati alikuwa ameniomba, kwa upole, niimbe kitu kisicho na mgogoro. Nilimwambia nitaona. Kisha niliimba:

*Babu uliyetembeza barua hadi shambani,*
*Mguu uliteleza, wimbo haukwenda chini,*
*Ndefu, fupi, ukacheza hatua mlimani,*
*Njia haikuuliza: umesoma shule gani?*

Kwa desturi yetu mshororo wa mwisho uwanja wote huurudia pamoja na mwimbaji. Waliurudia. Waliurudia wale wa kamati nao, kwa sababu desturi ni desturi, na niliwatazama mmoja mmoja wakiuimba.

Niliposhuka Egoitz alikuwa ananisubiri chini ya ngazi, daftari wazi. Alikuwa ameandika. Kalamu yake ilikuwa juu ya mstari wa tatu.

"Huu umepungua," alisema. "Nane, halafu saba. Mizani moja haipo."

"Najua."

"Nirekebishe? Au niuache na kosa?"

"Pima kwanza mguu wake wa kushoto," nilimwambia, "halafu ndipo uje uniambie kosa."

Kisha akafunga daftari bila kugusa kitu, akaenda kutafuta mtu wa kumpeleka Elorriaga akachukue kabati lake.